Kazi Niliyomshikia Dada

Siku ninayoikumbuka zaidi katika ujana wangu, mwanangu, si ya harusi wala ya msiba. Ni asubuhi moja niliyotoka kwenye zahanati ya Mama Ngonyani pale Kibiti, nimeshapewa kazi, nikashindwa kufurahi. Abiria walikuwa wanashuka kwenye basi la Dar, gari la kamba wabichi kutoka delta ya Rufiji linadondosha maji ya barafu barabarani, kijana wa mitumba ananiita mchumba, nami nimesimama tu kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Nakuandikia wewe uliyepata kazi, halafu ukaisoma tena ile karatasi ya wasifu, mnayoiita sivii, ukakuta ndani yake jambo uliloliandika kwa moyo safi lakini si kweli. Najua usingizi umekupotea. Mimi si mtu wa elimu, niliishia darasa la saba, na haya mazoea ya kuandika kidogo kila jioni nimeyaanza ukubwani. Sina hakika kama nafaa kumshauri mtu. Basi nikikosea utanisamehe, na ukiona najipendelea mahali, nishike hapo hapo.

Kwetu ni bonde la Rufiji, upande wa Mkongo. Nyumba ya kudumu iko juu, mpunga uko chini bondeni. Mpunga ukianza kutoa punje watu huhamia shamba, wakakaa kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, kuamia ndege wasile mpunga na kusikilizia nguruwe. Asiyehama hali wali mwaka huo. Sasa dada yangu Somoe, mkubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji chetu, mwajiriwa wa serikali. Na huyo huyo Somoe ndiye aliyekuwa na mkono wa shamba. Mimi nikipandishwa kwenye dungu nalala. Bibi yetu alikuwa akisema ndege wa bonde lote wananijua kwa jina.

Kwa hiyo kila msimu Somoe alikwenda bondeni, nami nikabaki juu kumshikia kazi. Nilifagia, nilichemsha vifaa, niliita wagonjwa kwa zamu, niliwapima watoto uzito. Mganga wetu wa zahanati alijua, kijiji kilijua, na hakuna aliyeona ajabu, maana hata karani wa ghala na mwenye kivuko walishikiwa na ndugu zao mpunga ulipoiva. Usimuone mganga yule mtu mbaya. Bila ruhusa yake nyumba kadhaa zingelala njaa, yetu ikiwemo. Watu wakikutana nami njiani walisema, "Hujambo, mhudumu?" nami nikaitika. Kazi ile tuliiona ni ya nyumba yetu, kama jembe lilivyo la nyumba; atakayelishika leo ndiye mlimaji.

Ndipo ikaja miaka ile serikali ilipoachia mambo. Maduka yakajaa sabuni na sukari, kila mwenye kitu akauza, na watu binafsi wakaruhusiwa kufungua zahanati zao. Mama Ngonyani, muuguzi mstaafu, mtu wa Songea, akafungua yake Kibiti. Akatangaza anataka mhudumu, na kila mwombaji aandike maelezo yake. Nilipofika penye kazi nilizowahi kufanya, niliandika kwamba mimi ni mhudumu wa zahanati ya kijiji tangu nimalize shule. Naapa, mwanangu, sikusita. Ndivyo nilivyokuwa nikiitwa.

Akaniita. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali wa macho, lakini kicheko chake kilikuwa karibu.

"Mwajuma, nimechoka na mabinti wanaotaka kukaa nyuma ya meza tu," aliniambia. "Wewe umekulia kwenye bandeji. Nimewarudisha wenzako wote kwa ajili yako, hata yule binti wa kijiji cha Mtawanya niliyekuwa nimempenda. Jumatatu unaanza. Jumapili mimi nakwenda kusali, na mara nyingine nitakwenda Dar kutafuta dawa. Siku hizo nyumba hii ni yako. Mtu akija mchome sindano, andika, nikirudi nitaona. Ile kozi ya wilayani wahudumu wa serikali mmeshapita wote, sina la kukufundisha."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Hiyo "ndiyo" imenisumbua mpaka uzeeni. Siku nyingine najiambia ilikuwa ya adabu, maana kwetu mtoto hamkatizi mkubwa. Siku nyingine naona ilikuwa ya tamaa. Huenda ilikuwa na vyote viwili. Ninachojua ni kwamba kabla haijatoka kinywani mwangu nilikuwa nimekosea tu. Kozi ile alikwenda Somoe. Sindano alifundishwa Somoe. Mimi sikuwahi kushika sindano ila kuichemsha, na sasa mtu alikuwa ananikabidhi wagonjwa wake akidhani mimi ni dada yangu.

Nikapanda lori la magogo mpaka Ikwiriri, nikatafuta usafiri mwingine, na alasiri nikafika bondeni. Bibi ndiye aliyeniona kwanza kutoka juu ya dungu. Alipenda kuniita mke mwenziye, kwa ule utani wa bibi na mjukuu.

"Nani huyo anayetembea kama amebeba mayai?" akapaza sauti. "Kumbe mke mwenzangu! Umekuja kufukuza ndege au kuwaamkia?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mume wetu kafa ukaona uniachie shamba peke yangu, sivyo? Haya, sema. Wamekupa?"

"Wamenipa."

Somoe aliteremka ngazi mbio, akanikumbatia na tope lake, akapiga kigelegele mpaka ndege wote wakaruka kwenye mpunga. Bibi akasema, "Siku zote tunaumia mikono na kombeo, kumbe ilitosha mtoto apate kazi!"

Nilitamani habari iishie pale. Somoe alikuwa na furaha kuliko mimi. Alivua kanga yake mpya, ile aliyokuwa akiitunza kwa sikukuu, akanifunga kiunoni, akasema mhudumu wa Kibiti hawezi kwenda kazini na kitambaa kilichopauka. Ikabidi nimwambie nikiwa nimevaa kanga yake.

Niliwaeleza yote. Somoe akaketi chini taratibu.

"Sasa unataka ukamwambie nini?"

"Kwamba sikuajiriwa. Kwamba kozi sikwenda."

"Na akikuuliza aliyeajiriwa alikuwa wapi?"

Nikashika pindo la kanga yake.

"Alikuwa hapa," Somoe akasema. "Alikuwa juu ya dungu hili anagonga debe, na zahanatini imeandikwa yupo kazini. Mwaju, unajua wilayani wanapunguza watu? Wanatafuta sababu tu. Ukifungua kinywa kule, mimi huku nimekwisha."

Hilo sikuwa nimelifikiria, mwanangu. Njia nzima nilijifikiria mimi: aibu yangu, kazi yangu, jina langu. Kumbe ile sentensi yangu moja ilikuwa imemshika na mtu mwingine shingo.

Somoe akafuta machozi haraka, kama kawaida yake ya kutafuta dawa kabla ya kumaliza kulia. "Sikiliza. Nitakufundisha sindano. Papai lipo. Leo na kesho unachoma papai, Jumapili unasafiri, Jumatatu ukianza kule unajua. Uongo utakuwa umeshageuka kweli, na hakuna atakayeumia."

Nakuambia ukweli, nilifurahi. Niliinuka kwenda kulichuma hilo papai.

"Papai ukilikosea halilii," Bibi akasema.

Tukamgeukia. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, kombeo begani, hana utani tena usoni.

"Mwaju, kaa chini. Ulipoandika hukumdanganya yule mama. Uliandika kama tunavyosema huku. Huku mtu akisema amevuna, kila mmoja anajua alivuna na wifi zake na majirani. Lakini yule si mtu wa huku. Amelichukua neno lako kama lilivyo. Hilo lilikuwa kosa, nalo dogo, mtu akikucheka basi. Ila tangu alipokwambia atakuachia wagonjwa, wewe unajua kitu asichokijua yeye. Ukinyamaza kuanzia leo, usije ukaniambia ni lile kosa la kuandika. Hili ni jipya, na hili umelichagua."

Kisha akamtazama Somoe. "Na wewe, usimzibe mdogo wako kinywa kwa ajili ya ajira yako." Akarudi kwangu. "Nawe usimtoe dada yako ili wewe uonekane mkweli. Nenda ukaseme ya kwako. Ya Somoe si yako. Akitaka kuyasema ana kinywa chake."

Hakutupigia kelele. Nadhani angetupigia kelele nisingelia vile. Jioni tulikula wali na kambale, Somoe akaniwekea kile kipande cha tumbo ninachokipenda, na hakunitazama usoni.

Kesho yake niliondoka mapema. Somoe akasema ananisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika barabarani akasema ananisindikiza mpaka Ikwiriri. Ikwiriri akapanda basi pamoja nami, akawa anachungulia dirishani. Kibiti akaketi kwenye benchi la wagonjwa pale barazani, akanitikisia kichwa niingie.

Mama Ngonyani alikuwa anapanga chupa kabatini. "Mbona umewahi hivyo? Nilisema Jumatatu."

Nilikuwa nimejifunza maneno mengi njiani. Nilikuwa na ya kuanzia, ya kumsifu, ya kueleza bonde letu lilivyo na mafuriko yake. Yote yakakimbia. Nikasema, "Mama, niliandika kwamba mimi ni mhudumu wa zahanati. Sikuajiriwa. Nilikuwa namshikia mtu msimu wa mpunga. Kozi sikwenda na sindano sijui. Nilipoandika niliona ni sawa, kwa sababu kwetu ndivyo wanavyoniita. Uliposema utaniachia wagonjwa nikajua si sawa, na hata hivyo nikakuitikia ndiyo. Nimekuja kuiondoa hiyo ndiyo."

Akaiweka chini chupa aliyoshika.

"Unajua dozi?"

"Sijui."

"Unajua nini?"

"Kuchemsha vifaa. Kufagia. Kupima watoto uzito na kuwaandika."

"Na huyo uliyekuwa unamshikia ni nani?"

Nikainama. "Mama, hilo naomba nisilijibu. Yangu nimeyamaliza."

"Unaomba usijibu!" Sasa alikuwa amekasirika kweli, na alikuwa na haki. "Umekuja kwangu na kazi ya mtu mwingine mgongoni, nimewarudisha watoto wa watu kwa ajili yako, halafu nikiuliza unaomba usijibu?"

"Alikuwa ananishikia mimi."

Somoe alikuwa mlangoni, viatu mkononi kama anaingia nyumba ya ibada. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye mwajiriwa. Mimi ndiye niliyekwenda kozi. Yeye si mwongo, alikuwa ananisitiri. Na ukitaka kupeleka habari wilayani, jina langu ni Somoe, usije ukaandika lake."

Mwanangu, nimependwa na watu wengi katika maisha yangu, namshukuru Mungu. Lakini nikitaka kujua kupendwa kukoje, namkumbuka Somoe mlangoni pale na viatu vyake mkononi.

Mama Ngonyani alitutazama mmoja mmoja. "Na huyu mdogo wako kweli hajui sindano?"

"Hajui. Jana nilitaka kumfundisha kwa papai."

"Kwa papai!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Halafu kicheko kikakatika ghafla, akaketi. "Yesu wangu. Na mimi Jumapili ningekuwa kanisani nimetulia."

Akanyoosha aproni yake magotini.

"Mimi si afisa wa wilaya," akamwambia Somoe. "Yako kayamalize kwenu, na uyamalize." Kisha kwangu: "Kazi niliyokupa naichukua. Nitamwita yule binti wa Mtawanya, kama bado hajapata pengine. Lakini wa kuchemsha vifaa na kuandikisha wagonjwa simpati mahali, kila mmoja anataka koti jeupe. Mshahara ni mdogo. Na sindano hutaigusa mpaka nikuambie mwenyewe."

"Nashukuru, mama."

"Usinishukuru. Bado nimekasirika."

Alikaa amekasirika wiki nzima, akiniita "wewe" bila jina, na sikumlaumu.

Binti wa Mtawanya, Hadija, alikuja. Alikuwa mdogo kwangu kiumri na alikuwa akiniagiza. Nilimwonea wivu, wacha niseme. Nilitafuta makosa yake na sikuyapata. Aliyajua mambo kwa sababu alikuwa ameyafanya, si kwa sababu aliitwa mhudumu tu. Yeye ndiye aliyekuja kunifundisha, na baadaye nilipokwenda kozi kwa jina langu mwenyewe, Mama Ngonyani akagharimia nauli, na Hadija akaninunulia kalamu.

Somoe alikwenda kwa mganga wetu, akamwambia hawezi tena kushikiwa. Msimu ule hakurudi tena bondeni, nami nilikuwa Kibiti, Bibi akaamia ndege na jirani mmoja. Ndege walikula sehemu kubwa. Tulikula muhogo mwaka ule. Ningependa kukuambia kwamba sikulalamika, lakini nililalamika. Na wilayani walipopunguza watu, Somoe alibaki. Sisemi alibaki kwa sababu hiyo, maana waliondolewa watu waaminifu kuliko sisi sote, na sitaki kukuuzia ukweli kama vile una mshahara.

Lakini Jumapili moja, Mama Ngonyani yuko kanisani, aliingia mwanamke mbio na mtoto ana degedege, macho yamegeuka juu, povu mdomoni. Mimi nilirudi nyuma mpaka kabatini. Hadija alimpokea mtoto, akamlaza ubavu, akamsafisha kinywa, akavuta dawa kwenye sindano huku midomo yake ikihesabu, akamchoma, akaniambia bila kupandisha sauti, "Dada Mwaju, maji ya vuguvugu." Nikaleta maji. Mtoto akatulia, baadaye akalia. Mama yake naye akalia, na mimi nikatoka nje nikashika ukuta.

Sisemi ukweli wangu ulimponya mtoto yule. Alimponya Mungu, kwa mikono ya Hadija. Nasema tu kwamba mikono ile ilikuwepo pale, na nusura isiwepo. Ingekuwepo yangu, iliyofundishwa kwa papai.

Basi, mwanangu, kama umegundua uliandika jambo lisilokuwa, usijitukane sana. Kuandika kama mnavyosema nyumbani si wizi. Lakini umeshajua sasa, na kujua kumekubadilishia mambo. Nenda kabla ya siku ya kwanza ya kazi, usingoje uulizwe. Nenda mwenyewe na miguu yako, usimtume mtu wala usijifiche nyuma ya simu kama unaweza kufika. Sema kwa maneno machache ni lipi si kweli, lipi unalijua hasa, na lipi hulijui. Maelezo ya kwa nini yaache mafupi. Akitaka marefu atauliza. Kabla ya kwenda, watazame walioguswa na neno lako, uwaambie kwanza, wasije wakalisikia barabarani. Usiwatoe wao ili wewe uwe msafi, wala usikubali wakuzibe. Na ujue unaweza kuikosa kazi. Sitakudanganya hapo. Mimi niliikosa ile niliyopewa, nikapata nyingine ndogo kwa sababu nilikutana na mtu mwenye kicheko karibu. Wewe huenda usikutane naye. Nenda hivyo hivyo.

Ukiogopa, mchukue mmoja anayekupenda akae barazani. Si lazima aingie.

Kanga ile ya Somoe bado ninayo, imechanika pindo. Leo nimeitandika mkekani nilipoketi kukuandikia haya. Mwenyezi Mungu akutie nguvu ya miguu asubuhi hiyo, akulainishie moyo wa utakayemkuta ndani, na kazi utakayoipata iwe ile ambayo ukiitwa kwa jina lake unaitika bila kugeuka kutazama nani ameitwa. Amina, mwanangu.